Mpango wa Akiba

Tarehe 5 Februari
Mwaka mmoja, miezi mitano na siku mbili tangu niondoke

Dada,

Shikamoo. Namba yangu umeifungia tangu mazishi ya mama, kwa hiyo naandika. Barua inachukua siku nane au tisa kukufikia. Najua unazisoma zote, maana matusi yako yanafuata mpangilio uleule wa aya zangu.

Umeuliza kama ni kweli Tajiri wenu ameagiza msumeno wa meza kutoka kiwanda chetu. Ni kweli. Niliona jina la karakana yenu limebandikwa kwenye sanduku la msumeno namba arobaini na moja, nikacheka peke yangu mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Dunia yote hii, na msumeno utakaosimama hatua kumi kutoka meza yako ya msasa umepita mikononi mwangu.

Umeuliza pia ninafanya nini hasa, kwa sababu watu wakikuuliza unajibu "yuko kwenye mambo ya kompyuta" halafu unabadilisha mazungumzo. Nikueleze ili siku nyingine usibadilishe. Juu ya msumeno kuna kamera inayoangalia mikono. Mkono ukikaribia meno, breki inaung'ang'ania msumeno na unasimama kabla hujamaliza kushtuka. Anayeamua ni chipu moja ndogo kama kipande cha sabuni. Chipu hii si kama nyingine. Nyingine zinatoka kiwandani kila moja ikiwa na kazi yake. Hii haina. Ukiizima inasahau kila kitu, ukiiwasha inakuwa tupu kama ubao uliofutwa. Halafu inasoma mpango wake kwenye memori iliyo pembeni, na baada ya sekunde sita imekuwa jicho. Kesho ukiipa mpango mwingine inakuwa kitu kingine kabisa. Katika sekunde hizo sita taa ni nyekundu. Ikigeuka kijani, jicho limefunguka.

Mpango wanauandika wahandisi. Mimi naupakia. Nachukua bodi, ule ubao mdogo unaobeba chipu na memori yake, nachomeka waya, nabonyeza, nasubiri, nachomoa, natia sahihi. Bodi sita au saba kwa siku.

Hao wahandisi, dada, ungewaona ungewahurumia kwanza halafu ungewapiga. Wako tisa. Wana programu inayochukua maandishi yao na kuyageuza kuwa mpango wa chipu. Inakokotoa saa tano nzima, huku inatapika maonyo ya rangi ya manjano, mistari elfu na zaidi, na hakuna hata mmoja anayeyasoma. Wanasubiri neno la mwisho tu: IMEPITA. Likitokea wanapongezana na kwenda kula. Mkubwa wao nimembatiza Bwana Imepita. Nikimwambia, "Bwana, bodi hii inachemka," ananijibu bila kugeuka, "Imepita." Nikimwambia waya wa breki unacheza, "Kwenye kompyuta imepita." Ana mikono laini, hajawahi kukaza hata skrubu ya miwani yake.

Wamegawanyika ghorofa tatu: wa kamera, wa chipu, wa breki. Cha kila mmoja kinafanya kazi. Mashine ndiyo haifanyi. Vitu vyao vinakutana kwa mara ya kwanza juu ya meza yangu, na hapo ndipo wanapoanza kutafutana ubaya kama wake wenza.

Yapo mambo yao nayajua na nimeyafungia kinywani. Siku wakaguzi watakapokuja yatawaumbua, na mimi nitakuwa pembeni nasafisha kucha.

Lakini huo wenu usiuogope. Namba arobaini na moja nimeipakia mwenyewe, tena mara mbili. Weka mkono bila wasiwasi.

Mdogo wako


Tarehe 22 Februari

Wewe,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imeshafunguliwa na mume wangu, kama kawaida yake. Kinyozi asipokuwa na kichwa cha kunyoa anafungua bahasha za watu. Anasema shemeji yake anaandika vizuri. Mimi nasema unaandika virefu.

Kurasa tatu umewadharau watu waliosoma, halafu kazi yako mwenyewe imeenea mstari mmoja: nachomeka, nabonyeza, nachomoa. Kuku ukimfundisha wiki mbili anaweza. Na kwa ajili ya hiyo ulishindwa kuja kumzika mama, eti mkataba haukuruhusu. Nilidhani umeshikiliwa na jambo zito. Kumbe waya.

Haya, msumeno umefika. Walikuja mafundi wawili kuufunga, wenye fulana zinazofanana. Wakajaza glovu matambara yaliyoloweshwa, wakaisukuma kwenye meno mbele yetu sote. Pah! Ukasimama. Glovu ilikuwa na alama ndogo tu, kama imeng'atwa na panya. Tajiri alipiga makofi mpaka walipomwambia kwamba breki ikishashika mara moja, kipande chake kinavunjika na lazima kiagizwe kingine kutoka kwenu. Makofi yakakoma palepale. Akasema hakuna mtu kujaribu tena na glovu, na anayetaka kujaribu ajaribu na mshahara wake.

Halafu akauliza nani ataendesha. Wanaume wakaangaliana. Kitu kisicho na mtu wa kukijua hawakitaki. Nikasema mimi. Fundi Mrefu, yule aliyekuwa na msumeno wa zamani, akacheka hadi akashika mbavu. "Shangazi, huu si ufagio." Nikamwambia, "Huu umepakiwa akili na ndugu yangu wa tumbo moja, kama wako anajua kupakia kitu chochote zaidi ya tumbo lake mlete." Karakana nzima ilicheka, hata Tajiri. Akanipa.

Miaka kumi na moja nimekula vumbi la msasa, mdogo wangu. Sasa nina msumeno wangu, aproni mpya, na vijana wa kubeba mbao wananisubiri mimi niseme "leta." Kwa mara ya kwanza maishani umenifaa.

Tajiri ameiondoa ile kinga ya chuma iliyokuwa juu ya meno. Anasema inachelewesha kazi, na jicho linatosha.

Usijione sana.

Dada yako


Tarehe 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimesoma habari ya Fundi Mrefu mara nne. Mara moja nikaisoma kwa sauti chumbani, ingawa kati ya ninaoishi nao humu hakuna anayejua lugha yetu. Walicheka tu kwa kuniona nacheka.

Kinga ya chuma sisi hatukusema iondolewe. Lakini Tajiri ni Tajiri, na kweli jicho linaona.

Wakaguzi walikuja jana. Niliwasubiri miezi mitano. Watatu, wamevaa makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani. Bwana Imepita aliwaleta mpaka kwenye meza yangu. Mmoja akauliza, "Hii taa ya kijani inamaanisha nini?" Bwana akajibu, "Inamaanisha iko salama." Mkaguzi akaandika: iko salama. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Wakanywa chai, wakapigwa picha na chipu kana kwamba ni bibi harusi, wakaondoka.

Kabla hawajafika, mhandisi wa breki na wa kamera walikuwa wameshikana mashati, si kwa mfano, mashati kweli. "Picha yako inanifikia imechelewa!" "Inaondoka kwangu kwa wakati, muulize wa chipu!" Wa chipu akasema kwake imepita. Mimi nilikuwa katikati nimeshika tochi, nikaona waya umechomekwa tundu la pili badala ya la kwanza. Nikauhamisha. Wote watatu wakarudi ghorofani kwao bila hata kusema ahsante. Jioni taarifa ikaandikwa kwamba tatizo limetatuliwa kwa ushirikiano wa idara.

Na hawa ndio waliosoma.

Mdogo wako


Tarehe 17 Machi

Wewe,

Marahaba. Umepata wa kukucheka humo chumbani, heri yao hawakuelewi.

Huku kazi ni nyingi. Tumepata oda ya madawati ya shule tatu. Napasua mbao kuanzia asubuhi mpaka miguu inakufa ganzi. Wageni wanaletwa kuniona. Tajiri anasimama nyuma yangu anawaambia, "Oneni taa ile. Kijani. Mama huyu hata akifumba macho, mashine haifumbi." Wanatikisa vichwa. Mmoja aliomba aone glovu ikipita, Tajiri akajifanya hakusikia.

Umeme wetu unaujua, ni wa kurudi na kuondoka. Siku nyingine unakatika mara kumi kabla ya chakula cha mchana. Mwanzoni kila ukirudi nilikuwa nasimama kama mlinzi wa geti nikisubiri nyekundu yako iishe. Sasa mashine imezoea. Tangu wiki iliyopita nikiwasha tu, kijani papo hapo, hata pumzi sijavuta. Fundi Mrefu anasema hata chuma kinamwogopa mwanamke mwenye haraka. Siku hizi ananiita Dada Mkubwa, na hakuna aliyemlazimisha.

Waambie hao tisa wako kwamba mashine yao imekuja kupata adabu huku.

Mume wangu anakusalimu. Amemnyoa meneja wa benki, hatulali kwa habari hiyo.

Dada yako


Tarehe 26 Machi

Dada,

Usiwashe msumeno. Kama umeuwasha, uzime sasa, kisha endelea kusoma.

Haujazoea kitu. Chipu haizoei. Taa ikiwa kijani papo hapo maana yake haijasoma mpango wake. Mpango wa jicho ni mkubwa, hauwezi kusomwa chini ya sekunde sita, hata ukiuombea.

Nakueleza polepole. Kwenye memori ile kuna mipango miwili. Wa kwanza ndio jicho. Wa pili ni wa akiba, kama wa kwanza ukishindwa kusomeka. Umeme ukikatika chipu ikiwa katikati ya kusoma, inahesabu kwamba imeshindwa. Ikishindwa mara tatu inahamia kwenye akiba na hairudi tena mpaka mtu wa kiwanda aje na kompyuta. Na huo wa akiba hawakuuandika. Muda uliwaishia. Wakachukua ule mpango mdogo wa kujaribia taa, ambao kazi yake ni kuwasha kijani na kuiambia breki kwamba kila kitu ni shwari. Basi. Hauangalii kamera. Umekaa mbele ya kipofu aliyevaa miwani.

Kwa kuwa namba yangu umeifungia na ya kinyozi sina, nimempigia Tajiri wako leo asubuhi. Alinisikiliza kidogo akaniuliza cheo changu. Nilipomwambia akacheka, akasema atawapigia wenyewe.

Fanya hivi. Jaza glovu, isukume kwa kijiti kirefu. Jicho likiwa macho, kipande cha breki kitavunjika na Tajiri atakukaripia. Jicho likiwa limelala utaona mwenyewe. Na hata usipojaribu, rudisha kinga ya chuma.

Hao wahandisi ni wauaji wenye vitambulisho shingoni.

Mdogo wako


Tarehe 5 Aprili

Wewe,

Salamu zako sikuziona, basi na zangu zisubiri.

Tajiri alipiga simu kiwandani kwenu akiwa ofisini, mlango wazi, sauti imewekwa juu. Karani alisikia, Fundi Mrefu alisikia, nami nilisikia. Akaulizwa namba ya mashine, akasema arobaini na moja. Mtu mmoja mwenye sauti kavu akasema, "Hiyo imepita." Bwana wako kabisa, nilimtambua. Tajiri akamtajia habari zako. Akajibu, "Yule? Yule ni wa kubeba masanduku. Anatununia siku nyingi."

Watu walinitazama. Nilicheka nao. Ningefanya nini? Ndugu yangu aliyepakia akili!

Sasa nisikilize. Glovu sijaribu. Nikimvunjia Tajiri kipande cha breki narudi kwenye msasa kesho yake, na Fundi Mrefu anarudi hapa na kicheko chake. Kinga imefungiwa stoo na funguo anazo Tajiri. Nilimwomba, akaniuliza kama naogopa. Unajua nilivyojibu.

Uliniambia niweke mkono bila wasiwasi. Nikaweka. Sasa nimeonekana mtu, unaniambia mashine ni kipofu. Tangu utotoni hukuwahi kupenda mtu mwingine ashike kitu kizuri kuliko chako.

Na jambo moja nimelifikiria nikiwa napasua mbao. Mafundi wenye fulana hawakusema lolote kuhusu akiba. Bwana wako hajui, au anajua na amenyamaza. Wewe mchomeka waya umejuaje kilicho ndani? Na kama unajua, umejua tangu lini?

Dada yako


Tarehe 14 Aprili

Dada,

Tangu Oktoba.

Nimeandika barua hii mara tano na zote nimezichana, kwa hiyo itakuwa ya moja kwa moja.

Mwezi wa Oktoba walinipa faili la mpango wa akiba. Mpango wa kujaribia taa naufahamu, nautumia kila asubuhi. Nilipolipakia hilo la akiba kwenye bodi ya kwanza, taa iliwaka kijani papo hapo, vilevile kama ule wa kujaribia. Nilitazama ukubwa wa faili, uko sawa. Hawakubadilisha kitu, wameligeuza jina tu.

Wiki moja kabla, nilikuwa nimemwambia Bwana Imepita kitu kingine, habari ya joto la bodi, mbele ya wenzake. Aligeuka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema, "Wewe kazi yako ni mikono." Wakacheka wote tisa. Basi nilipouona uozo ule nikasema moyoni, haya, mikono haina mdomo. Nikapakia. Bodi mia nane na kitu, dada. Kila moja nimeitilia sahihi kwenye karatasi ya upakiaji, na kwenye karatasi kuna kisanduku kilichoandikwa "mpango wa akiba umekaguliwa." Nimekitia vema mara mia nane.

Nilikuwa nasubiri wakaguzi wauone waaibike. Nililala na aibu yao kama mtu anavyolala na zawadi chini ya mto. Wakaguzi walikuja wakanywa chai. Hata hapo sikusema. Nikakuandikia kwa kicheko.

Utaniuliza kama sikufikiria mikono ya watu. Niliifikiria. Lakini umeme wa huku haukatiki, sijawahi kuona bodi ikiangukia akiba. Na ilikuwa mikono ya watu nisiowajua. Nakwambia ukweli, ilikuwa myepesi. Nilipoona jina la karakana yenu kwenye sanduku ndipo nilipoogopa kidogo, nikaipakia bodi yenu upya. Mipango ileile miwili. Halafu nikakuandikia kwamba nimeipakia mara mbili, kama ni jambo la kujisifia.

Nimewatania wahandisi kwako kurasa na kurasa. Wao hawakujua kwa sababu hawasomi. Mimi nilisoma.

Ulivyosema kuhusu kitu kizuri, sibishi. Lakini usipokuwa na imani nami, iamini sahihi yangu mbaya iliyo kwenye bodi yako. Kaa mbali na msumeno huo. Mwambie Tajiri unaumwa. Rudi kwenye msasa, Fundi Mrefu acheke mpaka apasuke.

Mdogo wako


Tarehe 25 Aprili

Shemeji,

Anayeandika ni mimi, kinyozi. Dada yako anasema, mimi naandika. Amenikataza kuongeza neno langu. Yafuatayo ni yake.

Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 20, saa nne asubuhi. Umeme ulikatika mara ya tatu ukarudi. Niliwasha. Ubao ulikuwa na fundo, ukaruka. Kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Cha kati kimeondoka chote, cha shahada kimebaki kipande. Msumeno haukusimama. Fundi Mrefu ndiye aliyekimbilia swichi. Aliuzima kwa ngumi, akavua shati lake akanifunga. Nimekaa chini kwenye vumbi naangalia juu, taa ni kijani.

Barua yako ya kuungama imefika siku tatu baadaye. Imeandikwa vizuri. Nilisomewa na kinyozi, akasimama mara mbili, nikamwambia endelea.

Sitakutukana. Kutukana ni kwa mtu ambaye bado unamtegemea kubadilika. Ulitaka watu tisa waaibike, hakuna hata mmoja aliyeaibika. Kiwanda chenu na Tajiri wameshaandika barua kwa afisa wa kazi. Kiwanda kimesema mashine imepita na mwendeshaji hakufuata maelekezo. Tajiri amesema kinga ya chuma niliiondoa mimi mwenyewe kwa haraka zangu. Vijana wa kubeba mbao wanajua si kweli, lakini wana watoto. Fundi Mrefu peke yake amesema atasimama, ila yeye anajua habari ya kinga tu, ya chipu hajui.

Afisa wa kazi atasikiliza shauri tarehe 23 Mei, saa tatu asubuhi. Wakishinda wao, mimi ni mwanamke mzembe aliyekatwa na ujinga wake, na msumeno unawashwa tena siku inayofuata. Tayari wameshamchagua wa kuuendesha. Ni msichana wa kupaka rangi, ana miaka ishirini, ameshapewa aproni yangu.

Hapo anahitajika mtu aliyebonyeza. Sikuiti wewe ndugu yangu. Namwita huyo.

Amemaliza. Sasa amelala, naongeza langu japo kanikataza. Shemeji, hajalia hata mara moja, na hilo linanitisha kuliko damu. Anafunga vifungo kwa mkono wa kushoto, vinamshinda, nikisogea ananifukuza. Kama huji, tafadhali usiandike tena. Mimi ndiye ninayezifungua, na sitaki kuwa ninayezisoma.

Mume wa dada yako


Tarehe 5 Mei
Mwaka mmoja, miezi minane na siku mbili tangu niondoke

Dada,

Shikamoo.

Nilipopata barua yenu nilichukua bodi moja mpya na kamera yake, nikapanda navyo ghorofa ya wahandisi wa chipu, mahali ambapo hatuingii bila kuitwa. Walikuwa wamekaa. Nikaichomeka kwenye meza ya Bwana Imepita, juu ya makaratasi yake.

"Nani kakuruhusu?" akauliza.

"Tazama taa," nikamwambia.

Nikawasha nikazima katikati ya nyekundu. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mara ya nne nikaiacha. Kijani papo hapo. Nikaweka kiganja changu mbele ya kamera, nikakipungia. Kijani. Nikaweka mikono yote miwili. Kijani.

Akavua miwani. "Ule mpango haukutakiwa kutumika kamwe," akasema, kama mtu anayezungumza na meza.

"Umetumika kwenye vidole vya dada yangu."

Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, si ya dharau, "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Uliniambia kazi yangu ni mikono."

Jibu hilo nimelitunza tangu Oktoba, dada. Nimelinoa kila siku nikichomeka waya. Nilidhani siku nikilitoa litamkata vipande. Alinitazama tu. Na mhandisi mmoja mdogo wa nyuma, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akasema, "Kwa hiyo tulikuwa kumi." Hakuna aliyecheka.

Siku hiyohiyo walianza kuwapigia simu wenye misumeno, mmoja baada ya mwingine, kwa orodha niliyowapa mimi. Wengine hawapokei. Wengine wanajibu kama Tajiri wako alivyonijibu. Nimekaa nao siku tatu nikisoma namba. Mkurugenzi aliposikia, akashuka akasema simu zisitishwe mpaka mwanasheria aje. Bwana Imepita aliendelea kupiga kwa simu yake ya mfukoni. Sitamsifu. Nimeandika tu kilichotokea.

Mimi nilipewa karatasi ya kutia sahihi, inayosema mpango wa akiba niliukosea kwa bahati mbaya wakati wa kupakia. Wakasema nikitia, mkataba unaendelea. Sikutia. Si kwa ushujaa. Ukweli wangu ni mbaya kuliko uongo wao, sikutaka waupunguze.

Nimechukua nakala ya karatasi ya upakiaji ya namba arobaini na moja. Ina sahihi yangu, tarehe, na kile kisanduku chenye vema. Nimechukua bodi moja, na mhandisi mdogo amenipa faili lenyewe la akiba pamoja na lile la kujaribia taa, ili afisa ayaone yanavyofanana. Nitaeleza mbele ya Tajiri, mbele ya wa kiwandani kama watatuma mtu, na mbele yako. Nitaanza na Oktoba. Sitaruka kitu. Ukiona naanza kuwasimanga wengine, kohoa, nirudi kwenye habari yangu.

Yule msichana mfikieni kabla ya siku hiyo. Fundi Mrefu akate waya wa umeme wa msumeno karibu na ukuta, asingoje ruhusa. Nitasema nilimwagiza mimi.

Basi langu linaondoka hapa tarehe 18. Kuna mpaka mmoja na kubadilisha magari mara mbili. Usije kunipokea, wala usimtume kinyozi. Sitapitia nyumbani mpaka useme. Natarajia kufika tarehe 21 Mei, kabla ya saa nane mchana.

Aliyebonyeza